Aiskrimu ya Mashine Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Mpishi wa Kisumu

Jirani yangu hapa Migosi alinunua mashine ya aiskrimu mwezi wa kwanza, joto la Kisumu likiwa limekaza. Akaitoa kwenye boksi saa nane mchana, akaosha bakuli, akamimina maziwa, krimu na sukari, akawasha. Saa nzima baadaye mashine ilikuwa bado inazunguka, na ndani mlikuwa na maziwa yenye povu, baridi kidogo tu. Akanipigia simu akiamini ameuziwa mashine mbovu. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni baridi, na baridi haiji ndani ya boksi. Unaiweka akiba siku moja kabla.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza watu aiskrimu kwa kuanzia hapo. Mji wetu uko kando ya ziwa, mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hucheza karibu na nyuzi 30 karibu mwaka mzima. Mpishi wa Nakuru, aliye juu zaidi na mwenye usiku wa baridi, anaweza kuzembea kidogo na bado akapata kitu cha kuliwa. Sisi hatuna nafasi hiyo. Ila tukiilinda baridi yetu kuanzia mwanzo hadi mwisho, tunatoa aiskrimu nzuri kama ya mtu yeyote.

Nitaeleza zaidi mashine yenye bakuli la kugandishwa, kwa sababu ndiyo wengi wetu tunayoimudu.

Kinachotokea ndani ya bakuli

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi. Ukiyaweka kwenye friza yalivyo, maji hayo huganda polepole na kujikusanya kuwa chembe kubwa, na ukiuma unasikia mchanga mchanga wa barafu. Kazi ya mashine ni kuzizuia chembe hizo zisikue. Maziwa yanayogusa ukuta wa bakuli huganda papo hapo, mwiko wa mashine huyakwangua kabla hayajakomaa na kuyarudisha katikati, mara mia na mia, na wakati huohuo unapiga hewa ndani. Ukuta ukiwa baridi sana, chembe zinakuwa nyingi na ndogo mno hata ulimi hauzioni. Ukuta ukiwa vuguvugu, mwiko unazunguka bure.

Viungo navyo kila kimoja kina kazi yake. Sukari, pamoja na utamu wake, huzuia sehemu ya maji isigande kabisa, na ndiyo sababu aiskrimu inachoteka kwa kijiko ilhali kipande cha barafu hakichoteki. Wapo wanaopunguza sukari kwa nusu wakifikiria afya ya watoto. Nia yao naielewa, lakini watakachotoa kwenye friza ni tofali. Bora uandae aiskrimu kamili na uigawe kwa vikombe vidogo. Mafuta ya krimu huleta ulaini na kushika hewa. Maziwa ya unga huongeza protini inayoyashikilia maji. Wanga kidogo, au viini vya mayai, hulifunga rojo, yaani mchanganyiko wako kabla haujaganda, lisiachane. Rojo zuri la maziwa lina mafuta asilimia 10 hadi 14 na sukari asilimia 14 hadi 17. Kipimo nitakachokupa kimo humo, kwa hiyo usikibadilishe mara ya kwanza.

Una mashine gani?

Aina ya kwanza ni hii yetu: mota ndogo juu, na bakuli lenye kuta mbili ambazo katikati yake mna kimiminika. Bakuli hugandishwa kwanza, kisha hutoa baridi yake yote ndani ya dakika 20 au 30. Ni nyepesi na hutumia umeme kidogo.

Ya pili ina kompresa yake ndani, kama friji ndogo. Hiyo haingoji bakuli, unaweza kutoa aiskrimu tatu kwa siku moja. Ni nzito na ni ghali. Ukiileta nyumbani kwa matatu au bodaboda, isimamishe wima saa 12 hadi 24 kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Ya tatu ni ndoo ya barafu na chumvi, yenye mkono wa kuzungusha au mota. Nancy Johnson wa Philadelphia alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine kama hiyo huko Marekani mwaka 1843, na mpaka leo hakuna iliyo bora kwa mtu wa Seme au Nyakach asiye na friza. Chumvi huyeyusha barafu, na barafu inapoyeyuka hufyonza joto kutoka kwa kilicho karibu nayo, yaani rojo lako. Pima kilo moja ya chumvi ya mawe kwa kilo nne au tano za barafu iliyopondwa, uvipange kwa tabaka kuzunguka mkebe. Ndoo ya lita nne hula kilo sita hadi nane za barafu. Barafu wanayotumia wafanyabiashara wa samaki inafaa, mradi ibaki nje ya mkebe na isiguse chakula kamwe. Panguza mfuniko vizuri kabla ya kuufungua, maana tone moja la maji ya chumvi linaharibu kazi yote. Na maji hayo usiyamwage penye sukumawiki.

Bakuli kwanza

Bakuli linahitaji saa 24 katika friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kijitabu cha mashine kinaweza kusema saa 12. Kisumu, mimi nasema 24, na kama friji yako ni ile ya mlango mmoja yenye kisanduku cha barafu juu, ipe saa 36 na uzungushe kidhibiti hadi mwisho wa baridi. Friji nyingi za namna hiyo hazifiki nyuzi 18 chini. Ukiona aiskrimu dukani inakaa ngumu lakini kwako inalegea, ndiyo dalili.

Jaribio halina gharama: litoe bakuli, litikise karibu na sikio. Ukisikia maji yakichezacheza ndani ya kuta, bado. Lirudishe. Likiwa kimya kabisa, kama jiwe, liko tayari.

Kabla ya kuligandisha, likaushe kwa kitambaa mpaka usihisi unyevu, kwa sababu tone la maji litageuka utando wa barafu utakaozuia mwiko. Kisha lifunge ndani ya mfuko safi wa nailoni, ukaze. Hapa kwetu friza hazikosi samaki. Mafuta ya maziwa hunyonya harufu upesi sana, na harufu ya mbuta ndani ya vanila haiondoki kwa kuongeza vanila. Nina rafu moja ya juu ambayo samaki hapandi.

Lisukume nyuma kabisa, mbali na mlango, wima, na usilitoe mpaka dakika ile ya kumimina.

Maziwa na krimu ya kununua

Maziwa yawe na mafuta yote. Ya pakiti yanafaa. Ya mchuuzi yatokayo Nandi au Kericho ni matamu zaidi, lakini yachemshe kwanza peke yake, yapoe, ndipo uyapime, kwa maana yakichemka yanapungua. Maziwa ya mashine ya kujipimia yachukulie vivyo hivyo.

Krimu ndiyo inayowapoteza watu. Supamaketi zina paketi mbili zinazofanana sana: moja ni krimu ya maziwa yenye mafuta asilimia 35 hivi, nyingine ni ya kupambia keki, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea na mara nyingi imeshatiwa sukari. Soma orodha ya viungo nyuma. Ukitumia ya keki, aiskrimu itapanda vizuri lakini itakuacha na utando wa mafuta kwenye paa la mdomo, na utamu utazidi.

Ukipata kipima joto cha jikoni, nunua. Usishangae maji yakichemka kwa nyuzi 96 badala ya 100, si kosa la kipimo: kwa mwinuko wa Kisumu ndivyo yanavyochemka. Nakuru, iliyo mita 1,850 hivi, huchemka kwa nyuzi 94.

Rojo la vanila, usiku wa kuamkia

Kipimo hiki ni cha bakuli la lita moja na nusu:

maziwa yenye mafuta yote, mililita 500
krimu nzito ya maziwa, mililita 250
sukari, gramu 140
maziwa ya unga, gramu 35
wanga wa mahindi, gramu 12
chumvi, ncha ya kijiko
vanila, kijiko cha chai kimoja na nusu

Wanga wa mahindi ni ule mweupe laini wa kuupa mchuzi uzito. Unga wa ugali haufai. Asiye na mizani atumie theluthi mbili ya kikombe kwa sukari, vijiko vikubwa vitano vya kusawazishwa kwa maziwa ya unga, na kijiko kikubwa kimoja na nusu kwa wanga.

Changanya sukari, maziwa ya unga, wanga na chumvi vikiwa vikavu ndani ya sufuria. Usiruke hatua hii. Chembe za sukari hutenganisha unga, na hutapata madonge. Mimina maziwa baridi kidogo kidogo ukikoroga, mpaka yaishe. Bandika kwenye moto wa wastani, na ukoroge kwa mwiko bapa unaofagia chini ya sufuria, maana wanga hukimbilia chini na kushika. Baada ya dakika saba au nane utahisi mwiko umekuwa mzito, kisha mapovu mazito yatapasuka polepole juu. Likifika hapo lipe dakika moja zaidi bila kuacha kukoroga. Ukiwa Nakuru lipe mbili au tatu, kwa kuwa mchemko wa huko una joto kidogo kuliko wetu na wanga unataka muda kuiva.

Epua. Sasa mimina krimu ikiwa baridi kutoka friji. Haikuhitaji moto, na ubaridi wake unaanza kulipoza rojo hapohapo. Chuja kwa kichungi laini.

Kama unapenda aiskrimu ya mayai, acha wanga. Piga viini vinne pamoja na nusu ya ile sukari, viongezee maziwa moto kwa upawa mmoja mmoja ukikoroga, rudisha vyote sufuriani na upike kwa moto mdogo hadi nyuzi 82. Asiye na kipima joto achovye mwiko na apitishe kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi bila rojo kuteremka juu yake, limeiva. Lisichemke, litakatika kama mayai ya kukoroga. Mimi hutumia wanga siku za kawaida na mayai siku ya wageni. Tofauti ipo, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani.

Kupoza ndiko kazi ilipo. Usiingize sufuria moto kwenye friji: utaipasha joto yote, na pamoja nayo bakuli ulilohangaika kuligandisha. Weka sufuria ndani ya beseni lenye maji, barafu na konzi moja ya chumvi, ukoroge kwa utulivu. Ndani ya dakika 15 au 20 rojo litakuwa baridi mkononi. Hapo tia vanila, funika, liingie friji usiku kucha. Saa nne ndicho kiwango cha chini. Usiku mzima unalipa zaidi, kwa sababu mafuta ya maziwa hupata muda wa kuganda na protini muda wa kunywa maji, na kesho yake aiskrimu itashika hewa vizuri.

Asubuhi ya kusukasuka

Amka mapema. Saa kumi na mbili asubuhi jiko la Kisumu lina nyuzi 20 hivi, saa nane mchana linaweza kupita 30, na tofauti hiyo yote inalipwa na bakuli. Usiku baada ya saa tatu pia ni wakati mzuri. Mashine isikae karibu na moto wa chai.

Kabla ya yote, weka mkebe utakaohifadhia aiskrimu ndani ya friza, pamoja na kijiko cha kuchotea. Tayarisha mashine mezani, mwiko wake karibu. Likoroge rojo, na ukiona limekuwa kama uji mzito, ni sawa. Ndipo utoe bakuli, ulipachike haraka, uweke mwiko, uwashe mashine kwanza, halafu umimine rojo mwiko ukiwa unazunguka. Ukimimina mashine ikiwa imezimwa, rojo litaganda ukutani ndani ya sekunde chache na mwiko utakwama.

Usipite lita moja ya rojo katika bakuli la lita moja na nusu. Itapanda.

Dakika tano za kwanza hutaona kitu. Dakika ya kumi, pembeni panaanza kuwa na ukingo mweupe, na sauti ya mota inabadilika kutoka mluzi mwembamba kuwa mvumo mzito. Dakika ya kumi na tano rojo linaanza kuacha nyuma ya mwiko mifereji inayochelewa kujaa. Mimi husimama hapo nikiitazama, siondoki. Kati ya dakika ya 20 na ya 25 mifereji inabaki wazi mzunguko mzima, aiskrimu inapanda juu ya mwiko kama kilima kidogo na kung'aa kwake kunapotea, inakuwa kama kitambaa cha pamba kisicho na mng'ao. Hapo zima.

Vitu vya kutafuna, kama njugu karanga au vipande vya chokoleti, vitie dakika mbili za mwisho, vikiwa baridi. Usiongeze muda ukitumaini itakuwa ngumu zaidi. Baada ya dakika 30 bakuli limetoa kila kilichokuwemo. Kuanzia hapo mota inaipasha joto aiskrimu, na mafuta yanaanza kushikana kuwa siagi. Wanaosukasuka maziwa kwenye kibuyu wanaijua hatua hiyo, na wao ndiyo wanayoitaka.

Ikitoka mashineni ni laini, ya kuliwa kwa kikombe. Ugumu unakuja kwenye friza. Chota kwa kijiko cha mbao au plastiki, kamwe si cha chuma, maana ukilikwaruza bakuli ndani umeliua. Shindilia kwenye mkebe bapa usio na kina kirefu, bandika karatasi ya nailoni juu ya aiskrimu yenyewe isibaki hewa, funika, usukume nyuma kabisa ndani ya friza, pale ulipotoa bakuli. Mkebe bapa huganda upesi kuliko wenye kina, na kuganda upesi ndiko kunakozuia chembe. Saa nne hadi sita zinatosha. Wakati wa kula, iache mezani dakika tano. Hapa Kisumu usiiache kumi.

Sukari nguru na simsim

Ladha hii ndiyo naipenda kuliko zote, na viungo vyake vinatoka kwetu: sukari nguru, yaani sukari isiyosafishwa ya miwa ya magharibi, na simsim ambayo kila mama wa soko la Kibuye anaipima kwa kopo.

Chukua kipimo kilekile, utoe vanila na sukari gramu 120, ubakishe gramu 20 tu za kuchanganya na unga. Pika rojo, lipoze kabisa. Kando, ponda nguru gramu 120, iyeyushe na maji mililita 50 kwa moto mdogo. Itatoa povu la kijivu na harufu ya kiwanda cha miwa. Ichuje kwa kitambaa, maana nguru hubeba nyuzi za muwa na wakati mwingine mchanga. Iache ipoe mpaka iwe baridi kama rojo lenyewe, ndipo uikoroge ndani. Usiichemshe pamoja na maziwa. Nguru ina asidi yake, na katika maziwa moto huyakata yakawa vibonge na maji. Nilimwaga lita nzima kabla sijajua hilo.

Simsim gramu 40 ikaange kavu kwenye kikaango, ukitikisa, mpaka ianze kurukaruka na kuwa rangi ya kahawia nyepesi. Itoe mara moja kwenye sahani, kwa kuwa kikaango kinaendelea kuichoma hata ukizima moto. Ikipoa kabisa, itie dakika za mwisho za kusukasuka. Nguru huifanya aiskrimu iwe laini zaidi kidogo kuliko sukari nyeupe, kwa hiyo ipe friza saa mbili zaidi.

Embe, bila maziwa

Msimu wa maembe ukifika, kuanzia mwezi wa kumi na mbili, bei katika soko la Jubilee huanguka na mashine isilale. Chagua yaliyoiva mpaka yanukie, yasiyo na nyuzi. Saga nyama ya embe gramu 700 na maji mililita 150, sukari gramu 150, maji ya ndimu vijiko vikubwa viwili na chumvi ncha ya kijiko. Chuja, poza usiku kucha, sukasuka dakika 20.

Barafu ya matunda haina mafuta ya kuisaidia, kwa hiyo sukari ndiyo kila kitu: ya tunda na ya kuongeza kwa pamoja zifikie robo ya uzito wote. Kwa embe kipimo hiki kinafika. Kwa nanasi au tikiti, ambayo maji yake ni mengi, kuna kipimo cha zamani cha yai: osha yai bichi likiwa na gamba, liweke polepole ndani ya juisi iliyochujwa na kutiwa sukari. Likizama, ongeza sukari. Likielea likionyesha juu ya juisi duara dogo lenye upana wa sarafu, umepata. Likielea zaidi ya hapo, ongeza maji au juisi. Kwa rojo zito kama la embe jaribio hili halisemi ukweli.

Ya mala (maziwa yaliyochacha) na pasheni nayo usiikose. Pasha krimu mililita 200 na sukari gramu 150 mpaka sukari iyeyuke, ipoe, kisha changanya na mala baridi mililita 500 na juisi ya pasheni iliyochujwa mililita 150. Mala isione moto. Uchachu wake na wa pasheni vinakutana vizuri, na siku ya joto kali watu huimaliza kabla ya vanila.

Stima ikipotea

Inapotea, kwa hiyo jipange. Friza iliyojaa ambayo haifunguliwi hukaa na baridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu hukaa saa 24. Kisanduku kidogo cha friji ya mlango mmoja hakikai hata nusu ya hapo. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyogandishwa, acha kidogo juu ya chupa pa kupanukia. Zinabeba baridi, na siku ya kupoza rojo ndizo unazozivunjia kwenye beseni.

Stima ikikatika katikati ya kusukasuka, toa mwiko haraka, hamishia aiskrimu kwenye mkebe baridi na uisukume friza, ukiikoroga kwa uma kila nusu saa mara tatu au nne. Itakuwa na chembe kidogo, lakini inalika.

Ikikatika usiku na ukaikuta aiskrimu imegeuka maziwa, usiigandishe tena. Kama imekaa juu ya nyuzi 4 kwa saa mbili, au saa moja katika joto letu la mchana, imwage. Baridi inasimamisha vijidudu, haiviui, na vilivyozaliana ndani ya maziwa na mayai vitakuwepo hata kikiganda upya. Kwa watoto na wajawazito sitaki mtu abahatishe.

Ikikukatalia

Ikibaki maji baada ya dakika 30, bakuli halikuganda au rojo lilikuwa vuguvugu. Rudisha rojo friji, osha bakuli, anza kesho. Ikiwa na mchanga wa barafu siku ileile, angalia kina cha mkebe na nguvu ya friza. Ikiwa laini siku ya kwanza na yenye mchanga wiki ya pili, friza inafunguliwa mno, chembe zinayeyuka na kuganda tena zikiwa kubwa. Yangu siiweki zaidi ya wiki mbili. Ikiwa na vijidonge vya manjano vinavyoganda kwenye meno, hiyo ni siagi: ulipitiliza muda. Ikiwa ngumu kama mbao, sukari ilipungua. Ikikataa kuganda hata kwenye friza nzuri, sukari imezidi.

Baada ya kuchota, acha bakuli lirudi kwenye joto la chumba kabla ya kuliosha, kwa kuwa maji moto juu ya ukuta ulioganda yanaweza kulipasua. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, kwa sponji laini, ulikaushe, uliache mdomo wazi mpaka mchana. Jioni lifunge kwenye mfuko wake na ulirudishe kwenye rafu ya juu, wima, nyuma kabisa. Kesho kutwa saa kumi na mbili asubuhi litakuwa tayari.